Pikapu ya Dada na Mdomo wa Sikio

Gari likiingia gereji kwa Sikio, alikuwa hafungui boneti kwanza. Haulizi hata linaumwa nini. Anazunguka nyuma, anafungua tangi la mafuta, anaingiza pua na kunusa. Jambo hilo hakuwa na mzaha nalo. Alishaona wanaume wazima na akili zao wakisukuma gari kilomita mbili, wamelowa jasho mpaka soksi, kumbe tangi kavu. Alishaona wengine waliouziwa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, wakashusha injini nzima bure. Kwa hiyo alinusa, na wakati ananusa alimweleza mwenye gari hayo yote, tangu mwanzo, hata kama mwenye gari alishayasikia mara tano.

Watu walimwita Sikio kwa sababu ya hatua iliyofuata. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lakini dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, alisema watu wamekosea kiungo. Wangemwita Mdomo.

Dada huyo ndiye aliyekuwa na pikapu. Alihamisha watu nyumba, alibeba magodoro, makabati na viti vya sherehe, na mtaa mzima ulimwita Mama Pikapu. Gari lenyewe lilikuwa limewazidi umri wanawe wote. Rangi yake zamani ilikuwa bluu. Sasa ulihitaji kuambiwa. Ila lilibeba, na miaka yote hiyo halikumtia aibu, mpaka miezi miwili iliyopita.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi pikapu inawaka vizuri, inatoka nyumbani bila neno. Baada ya kama nusu saa inaanza kuishiwa nguvu. Dada akifika getini kwa mteja na kuinua mguu, ule mngurumo wa chini wa injini isiyokanyagwa mafuta, ambao mafundi wanauita silensa, unaanza kupanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Halafu kimya. Imezima. Unapiga stata mpaka betri inaomba msamaha, haiwaki. Ukikaa robo saa ukijifuta jasho, inawaka yenyewe kama vile hamkugombana.

Na ikifika kwa Sikio, mzima wa afya. Silensa imetulia, ungeweza kuweka glasi ya maji juu ya injini na isimwagike.

Sikio alibadilisha plagi. Ikazima. Alibadilisha platini, kisha koili. Ikazima. Kabureta aliifungua na kuiosha mara tatu, mara ya tatu kwa mswaki mpya. Aliweka mpira mpya wa hewa, akaweka pampu mpya ya mafuta. Kila alipomaliza alimwambia dada yake, "Sasa hii hata ukitaka izime, itakataa." Kesho yake ilizima.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji nyingine, ya jamaa aliyeitwa Kompyuta. Alikuwa na mashine yenye kioo, ikichomekwa kwenye gari inakuandikia ugonjwa. Siku moja dada, kwa kuchoka, alimpelekea pikapu. Kompyuta alizunguka na waya mkononi muda mrefu, akapiga magoti, akachungulia chini ya usukani, akachungulia hata ndani ya kisanduku cha glavu. Hapakuwa na pa kuchomeka. Pikapu ilizaliwa kabla ya matundu hayo. Basi akatangaza kwamba gari limechoka, na tangu siku hiyo akawa anaulizia kama linauzwa.

Jumatano asubuhi dada aliingia gereji, akasimamisha pikapu, akabaki amekaa ndani.

"Ijumaa saa nne nauza," alisema.

Sikio alikuwa tayari yuko nyuma kwenye tangi, pua ndani. "Unauza nini?"

"Nakuuza wewe. Unadhani nauza nini?"

Akafunga tangi, akaja dirishani. "Unamuuzia nani?"

"Jirani yako."

"Yule? Anaitaka ya nini, hana hata pa kuchomeka waya wake."

"Haitaki kuiendesha. Nimeambiwa na mchomea vyuma wako hapo. Anataka kuiegesha getini kwake, inakutazama wewe, na kibao juu: IMEMSHINDA SIKIO."

Mchomea vyuma, jirani wa Sikio upande wa kushoto, alishusha miwani yake myeusi na kuanza kuchomea kitu ambacho tayari kilikuwa kimeungana.

Sikio aligeuka akatazama geti la ng'ambo. Miaka ishirini na saba alikuwa kwenye barabara ile. Watu walitoka mbali kumletea magari kwa sababu ya jina lake, na jina ndilo pekee alilokuwa nalo. Shule aliiacha mapema na cheti hakuwa nacho. Pikapu ya dada yake mwenyewe, tumbo moja, imekaa pale na kibao. Kila mteja angekisoma kabla ya kufika kwake.

"Dada, mimi ni ndugu yako."

"Ndiyo maana nimevumilia miezi miwili. Mgeni ningemvumilia wiki. Jana imezima katikati ya makutano, nimebeba kabati la kioo, na mwenye kabati amekaa pembeni yangu ananitazama hivi. Trafiki ameisukuma mwenyewe. Nimechoka kusukumwa na wanaume nisiowajua."

"Nipe siku moja."

Dada alifikiri. Kisha uso wake ukaanza kuwa ule uso ambao Sikio aliujua tangu utotoni, na haukuwahi kumletea heri.

"Kesho panda na mimi," alisema. "Uione inavyozima kwa macho yako. Lakini kuna sharti. Husemi neno. Kuanzia unapopanda mpaka nitakapokwambia. Nina wateja kesho, sitaki kuwasafirisha pamoja na mhadhara. Neno moja, unashuka, hata kama ni katikati ya daraja."

"Na nikipiga chafya?"

"Chafya si neno. Ila usiizidishe."

Alhamisi Sikio alipanda, bisibisi mapajani, midomo ameifunga. Walianzia kituo cha mafuta, dada akajaza tangi mpaka juu. Hapo Sikio alitaka kuuliza kwa nini anajaza wakati dada mwenyewe ameshasema mara nyingi kwamba tangi likijaa ndiyo inazima upesi, na kwamba huenda mafuta ya kituo hicho ni mabaya. Alifungua mdomo. Dada akamtazama. Akaufunga.

Walipakia magodoro manane dukani, wakaingia barabarani. Pikapu ilikwenda vizuri kabisa, na dada akaanza uchokozi.

"Nasikia plagi zikizeeka unazichemsha kwenye maji ya chumvi, zinarudi mpya."

Sikio alishika bisibisi kwa nguvu.

"Na kwamba injini ya petroli, ukikosa oili, mafuta ya kupikia yanatosha. Mradi yawe ya alizeti."

Sikio alitazama nje. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

"Mimi sijui mambo haya," dada aliendelea kwa sauti ya upole. "Ila Kompyuta ndiye alisema kabureta ni kitu cha urembo tu. Ukiing'oa gari linakwenda."

Ilitoka sauti kooni kwa Sikio, kama maji yanayoshuka kwenye bomba lililoziba. Dada akapunguza mwendo. "Hilo lilikuwa neno?" Sikio akatikisa kichwa. "Sawa. Nilidhani ni neno."

Waliposhusha magodoro mawili ya kwanza, pikapu ilikuwa bado iko sawa. Kwenye kilima cha kwenda kwa mteja wa pili ilianza kuvuta kwa shida, dada akakanyaga mpaka mwisho na haikuongeza kitu. Wakafika getini, nyumba ya wageni yenye ghorofa moja. Dada akainua mguu. Silensa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikakohoa, ikazima.

"Haya," dada alisema na kuachia usukani. "Mgonjwa wako huyo."

Sikio aliruka chini. Miguu yenyewe, bila kuamriwa, ikampeleka nyuma kwenye tangi, kama kawaida yake. Akashika kifuniko. Kilikuwa kifuniko cha alumini, cha kuchongwa kwa mkono, chini yake kimewekwa pete nene ya mpira wa ndani wa tairi. Alishakifungua mara kadhaa miezi hii miwili na alishakisifu mbele za watu: kifuniko kizuri, hakivuji tone.

Leo hakikutaka kutoka. Kilikuwa kama kimeshikwa na mtu aliye ndani. Sikio akakaza mkono, akazungusha, akavuta. Na mahali ambapo siku zote alikuwa anaanza kueleza habari za mafuta ya taa, leo alikuwa amefunga mdomo, basi akasikia.

Fyuuuuuu.

Pumzi ndefu, nyembamba, ya kuingia ndani. Kisha bati la tangi likajibu, dung, kama sufuria iliyokuwa imebonyea ikarudi mahali pake.

Alisimama na kifuniko mkononi. Akakigeuza. Akakitazama juu, akakitazama chini, akakiinua juani kutafuta kitundu. Hakikuwa na kitundu.

Akamwashiria dada apige stata. Akapiga, ikakataa mara mbili, ya tatu ikawaka, silensa ikakaa pale pale bila kutikisika, bila kungoja robo saa wala dakika mbili.

Sikio hakuridhika. Alikuwa mtu wa kuhakikisha, hilo lazima tumpe. Kwa vidole alimweleza dada waendelee huku kifuniko kimeegeshwa tu, kimefungwa kitambaa kisidondoke. Wakazunguka saa nzima, wakashusha magodoro yote. Haikuzima. Kisha akakikaza kabisa, akaonyesha barabara. Dakika thelathini na tano baadaye, kwenye mzunguko wa sokoni, kwikwi. Ikazima. Akashuka, akafungua. Fyuuuu. Ikawaka.

"Umeiona," dada alisema. "Ni nini?"

Sikio akaonyesha midomo yake.

"Acha upuuzi. Nimekuruhusu."

Akaendelea kuonyesha midomo.

"Nimesema sema, mdogo wangu, kabla sijakuteremsha."

"Tangi linataka kupumua," Sikio alisema, na sauti ilitoka imekwaruza. "Mafuta yakitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, tangi linaanza kuyavuta mafuta kurudi. Pampu inavuta huku, tangi linavuta kule, kabureta inakufa njaa. Kifuniko cha gari hili kilikuwa na kitundu cha hewa. Hiki hakina. Na tangi likiwa limejaa, hewa iliyomo ni kidogo, ndiyo maana linabana upesi. Ukingoja robo saa, hewa inajipenyeza polepole, linaachia."

Dada alimsikiliza mpaka mwisho, jambo la nadra. Kisha akauliza, "Na kwa nini ikifika kwako inapona?"

Sikio alikipangusa kifuniko kwa mkono wa ovaroli.

"Nakuuliza."

"Kwa sababu nafungua tangi."

"Kila mara."

"Kila mara."

"Kabla hata hujaniuliza inaumwa nini."

"Ndiyo kazi ilivyo, dada."

"Na hiyo fyuu, miezi miwili, hukuwahi kuisikia. Wewe. Sikio."

Sikio alitazama viatu vyake. "Nilikuwa naongea."

Dada aliweka paji la uso kwenye usukani. Mabega yalianza kutikisika. Alicheka mpaka honi ikalia yenyewe, na watu wa sokoni wakageuka. Alicheka, akanyamaza, akamtazama, akaanza upya.

Sikio alingoja amalize. "Kile cha zamani kilikwenda wapi?"

"Kile?" Dada alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ulikiweka juu ya bampa ukiwa unanieleza habari za mafuta ya taa. Nikaondoka, kikaanguka njiani. Ningerudi kukuuliza, ungenieleza tena tangu mwanzo. Nikaenda kwa fundi sufuria. Nikamwambia nitengenezee kinachobana, nisiibiwe mafuta. Akabana."

Hapo Sikio alikaa chini, kwenye ukingo wa barabara. Kifuniko alikipoteza yeye. Kipya alikisifu yeye. Na kila siku yeye mwenyewe ndiye aliyeuponya ugonjwa, kwa mkono wake, kisha akashika spana kwenda kuutafuta.

Aliomba msumari kwa muuza nyanya, akatoboa kitundu kidogo chini ya ukingo wa kifuniko, mahali ambapo maji ya mvua hayafiki. Ndiyo ilikuwa kazi yote.

"Dada," alisema wakiwa njiani kurudi, "mtu asijue."

"Mimi sisemi uongo."

"Sikuambii useme uongo. Nakuomba usiseme kitu."

"Wewe ndiye wa kumfundisha mtu kutosema kitu?"

Ijumaa saa nne kasoro Kompyuta alivuka barabara na mashahidi wawili. Kwapani alikuwa na ubao, maandishi yameelekea mbavuni kwake. Pikapu ilikuwa mlangoni kwa Sikio, imepakiwa viti vya sherehe mpaka juu.

"Nilisema nauza kwa sababu imeshindikana," dada alimwambia. "Huyu anasema ameiweza. Mimi simwamini, ni ndugu yangu, namjua. Endesha wewe leo. Ikizima mikononi mwako, ni yako, papo hapo. Isipozima, sina cha kuuza."

"Hata kutwa nzima?"

"Hata kutwa nzima. Ila nina viti vya watu, itabidi tupitie kwao."

Kompyuta alitabasamu, akamkabidhi shahidi ubao, akapanda. Sikio alipanda nyuma, juu ya viti, akajishikilia kamba.

Akiwa kule juu aliona yote. Aliona Kompyuta anavyokanyaga na kuinua mguu ghafla ili kuitega. Aliona anavyowasha taa mchana, anavyosimama katikati ya kilima, anavyoiacha iko silensa na kuegemea boneti, kichwa kimeinama, anangoja kwikwi. Kwikwi haikuja. Lakini moyo wa Sikio ulizima mara sita. Kila pikapu ilipotingishwa na shimo alifumba macho.

Kwa mteja wa kwanza Kompyuta aliketi tu kusikiliza. Kwa wa pili, kwa kuwa muda ulikuwa unakwenda, alishuka kusaidia kushusha. Kwa wa tatu alikuwa ameshavua shati, anabeba viti sita kwa mkupuo ili warudi barabarani haraka. Dada alikaa kivulini na daftari lake akimwonyesha kwa kalamu pa kuvipanga. Baada ya wa nne alimwambia kwa upole, "Kuna meza mbili za kurudisha, ni hapo hapo tu." Hapo hapo palikuwa mwisho wa mji.

Saa kumi alasiri walirudi. Kompyuta aliizungusha pikapu mbele ya geti lake, akainua mguu mara ya mwisho. Silensa ikakaa. Watu walikuwa wamekusanyika: mashahidi, mchomea vyuma, wateja wawili wa ng'ambo ile na watatu wa ng'ambo hii. Kompyuta akazima kwa ufunguo na kushuka, vumbi mpaka kwenye kope.

"Nimekubali," alisema. "Umeiweza. Sasa kama fundi kwa fundi, niambie ilikuwa nini."

Sikio alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa ametunga kitu kirefu chenye joto, mgandamizo na vali ya ndani ya kabureta ambayo mpaka sasa haipo kwenye kabureta yoyote. Akavuta pumzi.

"Kifuniko cha tangi," dada alisema.

Ovaroli ya Sikio ilipata moto kuanzia kola. Aliwaona watu wote wakimgeukia. Alijua kitakachofuata: kicheko ambacho kingevuka barabara na kufika mbali kuliko jina lake lilivyowahi kufika.

Kompyuta hakucheka. Alimtazama dada, akamtazama Sikio, akakaza taya.

"Dada, mimi ni mtu mzima."

"Hakikuwa na kitundu cha hewa," dada alisema. "Amekitoboa kwa msumari."

"Plagi, platini, koili, kabureta mara tatu, pampu. Miezi miwili. Halafu kifuniko."

"Ni kifuniko," Sikio alisema kwa sauti ndogo. "Kweli tupu."

"Na wewe unaingia humo humo." Kompyuta aliokota shati lake. "Nimebeba viti vya watu kutwa nzima, nimekuuliza kwa heshima, mnanichezea kama mtoto. Kama ni siri ya kazi, sema ni siri. Nitaelewa."

Mchomea vyuma alimsogelea Sikio, akamnong'oneza, "Umefanya vizuri. Usimwambie. Nami siulizi." Wateja wa ng'ambo walikuwa wanamtazama Sikio namna nyingine, kama mtu mwenye siri kubwa kifuani. Mmoja alimuuliza pembeni kama ana nafasi wiki ijayo.

Sikio alitaka kumfuata Kompyuta na kumwonyesha kile kitundu. Kweli alitaka. Ilimuuma kuona mtu anakosa jambo jepesi namna ile. Lakini kadiri alivyofikiri namna ya kulieleza, ndivyo alivyoliona linazidi kufanana na uongo. Akabaki amesimama, mikono mfukoni, hajui kama aone haya au avimbe kichwa, na kwa kuwa hakujua, hakusema kitu. Watu wakazidi kumheshimu.

Dada alikuwa ameshapanda kwenye usukani. Akawasha, akaiacha ingurume kidogo, akatoa kichwa dirishani.

"Kompyuta," aliita. "Kesho nina makabati matatu, na nyumba moja inahama yote. Gari zee hili, huwezi jua. Kama bado una shaka, njoo uijaribu tena."

Kompyuta alisimama, mgongo kwao. Aliangalia ubao uliokuwa mikononi mwa shahidi. Aliangalia pikapu. Akasikiliza silensa kwa muda mrefu, kichwa upande.

"Saa ngapi?" aliuliza.